Jinsi ya kukusanya kumbukumbu za mhariri mkongwe wa gazeti: mwongozo kamili kwa familia, marafiki na waliofanya naye kazi

Mwandishi akifa, makala zake hubaki na jina lake juu. Mhariri akifa, jina lake hubaki kwenye ule mstari mdogo wa ndani unaotaja anwani ya gazeti na wanaoliongoza. Kazi yake yenyewe imo ndani ya kazi za wengine: kichwa cha habari alichokibadilisha saa nne usiku, aya ya tano aliyoipandisha ikawa ya kwanza, stori aliyoizuia kwa sababu upande wa pili haujaulizwa. Mambo hayo hayaandikwi popote. Yamo vichwani mwa watu waliokaa naye chumba kimoja, na wengi wao sasa ni wazee.

Ndiyo maana wasifu unaosomwa msibani, hata kwa mtu aliyehariri magazeti ya Dar es Salaam miaka thelathini, hufanana na wa mtu mwingine yeyote: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alistaafu, aliugua, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Familia haistahili lawama, kwa sababu wasifu ule umeandikwa usiku mmoja katikati ya kilio. Mwongozo huu unahusu kazi inayofuata baada ya hapo, iwe mnataka kijitabu, kurasa maalumu za gazeti au sauti zilizorekodiwa kwa ajili ya wajukuu.

Msimamo wangu katika kazi hii ni mmoja. Msikusanye sifa, kusanyeni maamuzi. "Mchapakazi", "mtu wa watu", "mcheshi" ni maneno yanayomfaa kila marehemu. Uamuzi alioufanya usiku fulani, juu ya stori fulani, ni wake peke yake.

Hata wakubwa hupungukiwa hapa. Benjamin Mkapa aliongoza The Nationalist na Uhuru kuanzia 1966, akahariri Daily News lilipoanzishwa 1972, akawa katibu wa habari wa Rais 1974, kisha mkurugenzi mwanzilishi wa Shirika la Habari Tanzania, Shihata, 1976. Lakini alipofariki Julai 2020, Watanzania wengi walikuwa wanamuaga Rais wa Awamu ya Tatu. Mtu wa kuwaeleza vijana jinsi alivyokuwa akizihariri kwa kalamu nakala za waandishi wake ni lazima awe alikuwepo. Kama ni hivyo kwa Mkapa, fikiria mhariri wa dawati la mikoani ambaye hakuwahi kushika cheo kingine.

Siku za msiba: kusanya bila kumhoji mtu

Wakati turubai bado liko uani, usimwekee mtu kinasa sauti mdomoni. Hata hivyo kuna vitu ambavyo visipokamatwa wiki hiyo havipatikani tena. Mpeni kazi mtu mmoja ambaye si mfiwa wa karibu sana: mpwa, jirani, au mwandishi aliyelelewa na marehemu kazini.

Kazi yake ya kwanza ni kitabu cha rambirambi. Apige picha kila ukurasa, kila siku jioni. Kitabu hicho mara nyingi huondoka na mjumbe mmoja wa kamati ya mazishi na hakirudi, na ndani yake mna majina na namba za simu za watu ambao familia haijawahi kuwasikia: mtu wa mtambo wa kuchapa, mwandishi wa zamani wa Lindi, dereva wa zamu ya usiku.

Ya pili ni grupu la WhatsApp la msiba. Katika usiku wa kwanza na wa pili, kabla watu hawajaanza kujadili michango na magari, wenzake wa kazini huandika mambo ambayo baadaye hawatayasema mbele ya kamera. Hamisha mazungumzo yote pamoja na sauti na picha, uyatume kwenye barua pepe. Fanya hivyo mapema. Msiba ukiisha watu hujitoa, simu hubadilishwa, na ujumbe hufutwa ili kupata nafasi. Kumbuka tu kwamba walioandika mle waliandika kwa ajili ya wafiwa. Kabla hamjachapa neno la mtu, mwombeni ruhusa.

Ya tatu ni hotuba. Kama kuaga kunafanyika Karimjee, viwanja vya Leaders, kanisani au nyumbani, kutakuwa na mpiga video aliyekodiwa. Muombeni picha zote alizopiga, si ile video fupi yenye muziki. Hotuba ya mfanyakazi mwenzake wa miaka ya nyuma huwa ndiyo anayoikata.

Ya nne ni kusikiliza tu. Usiku, wanaolala msibani hukaa vikundi vikundi, na wanahabari wakikutana msibani hawaachi kusimulia. Msimamizi asirekodi kwa siri. Aandike mstari mmoja kwenye daftari: nani alisimulia nini. Hiyo ndiyo orodha ya mahojiano ya baadaye.

Na kuna hatari moja ambayo haitangazwi. Msiba ukiisha nyumba husafishwa. Ndugu wenye nia njema hutoa nje maboksi ya "makaratasi ya baba", na magazeti ya zamani mjini hapa huishia kufungia vitumbua. Siku hiyohiyo ya kwanza, chumba chenye karatasi zake kifungwe na ufunguo ashike mtu mmoja.

Ruhusa, na nani ana neno la mwisho

Subirini arobaini ipite, au kwa desturi ya familia nyingine, matanga yaanuliwe na wageni waondoke. Kisha wakaeni wanafamilia na rafiki mmoja au wawili wa kazini wakubaliane mambo matatu: kitu gani kinatengenezwa, nani anaamua pakitokea ubishi, na mambo gani ya nyumbani hayataguswa. Yaandikwe nusu ukurasa na kila mmoja abaki na nakala.

Kama marehemu alikuwa na nyumba mbili, lizungumzeni mapema na kwa heshima. Kijitabu kinachotaja watoto wa mama mmoja na kuwaruka wa mwingine huvunja udugu kwa miaka, na hakuna historia ya gazeti inayostahili bei hiyo. Kwenye kurasa za familia watoto wote watajwe. Uchungu wa wakubwa ubaki kwa wakubwa.

Jengeni kalenda yake kabla ya kuhoji mtu yeyote

Watu wengi huanza na mahojiano, na matokeo yake hupata hadithi zinazoelea: "enzi zile", "wakati wa Mwalimu", "kabla ya kompyuta". Anzeni na miaka. Chukueni karatasi ndefu, andikeni mwaka mmoja kila mstari tangu alipoajiriwa hadi alipostaafu, kisha jazeni gazeti alilokuwapo na cheo alichoshika. Barua za ajira, vitambulisho vya kazi, hati za mishahara na vyeti vya mafunzo vitawasaidia. Penye pengo, nendeni kwenye magazeti yenyewe mkasome ule mstari wa ndani wenye majina ya viongozi wa gazeti. Jina likitokea toleo moja na kukosekana toleo la mwezi uliofuata, mmepata mwezi wa mabadiliko.

Dar es Salaam ina bahati katika hili. Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, imekuwapo tangu Desemba 1967 na ina magazeti ya zamani. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, ina mkusanyo wa East Africana, yaani machapisho na nyaraka za Afrika Mashariki, ambao kwa kazi hii ni hazina. Nyaraka za Taifa ziko Upanga. Kampuni za magazeti nazo hutunza majalada yao, na aliyefanya kazi pale zamani ndiye atakayewafungulia mlango. Nendeni na kitambulisho na barua ya utambulisho inayosema ninyi ni nani, mnatafuta gazeti gani na miaka ipi. Mhudumu wa maktaba akiona tarehe kamili kwenye barua hukusaidia haraka kuliko akisikia "tunatafuta habari za mzee wetu".

Msijaribu kusoma miaka yote. Chagueni siku ambazo kila chumba cha habari kilitikisika, halafu mtafute gazeti lake la siku iliyofuata: kifo cha Edward Sokoine, 12 Aprili 1984, kuzama kwa MV Bukoba, 21 Mei 1996, mlipuko wa ubalozi wa Marekani hapa Dar es Salaam, Ijumaa 7 Agosti 1998, kifo cha Mwalimu Nyerere, 14 Oktoba 1999, milipuko ya Mbagala, 29 Aprili 2009. Ongezeni na siku za gazeti lenyewe. Kama alikuwa The Standard, kuna 5 Februari 1970 lilipotaifishwa, na 1972 lilipounganishwa na The Nationalist kuzaa Daily News. Kama alikuwa gazeti binafsi, kuna miaka ya baada ya 1992, vyama vingi viliporudi na meza za magazeti zikajaa majina mapya. Kama alikuwa Mwananchi au Mtanzania Septemba 2013, kuna wakati serikali ilipolifungia la kwanza siku 14 na la pili siku 90.

Pigeni picha ukurasa wa mbele wa kila siku hizo, na ukurasa wa tahariri. Simu inatosha mradi gazeti limelala mezani, mwanga unatoka dirishani upande mmoja na kivuli chako hakiangukii karatasi. Picha hizo mtazichapa kwenye karatasi kubwa na kwenda nazo kwenye mahojiano. Zitafanya kazi kuliko swali lolote mtakaloandaa.

Orodha ya watu: anzieni chini

Wahariri wenzake na wakurugenzi mtawapata bila shida. Ndio waliokaa viti vya mbele siku ya kuaga. Anzeni na ambao hawakupewa kipaza sauti.

Katibu muhtasi wake ndiye namba moja. Anajua nani alipiga simu kutoka serikalini na mzee alijibu kwa sauti gani, anajua wageni waliotoka ofisini wamenuna, anajua barua za wasomaji ambazo mzee alizijibu kwa mkono wake. Baada yake, msanifu kurasa. Huyu alikaa na mhariri bega kwa bega saa za kufunga gazeti, yaani kukamilisha kurasa kabla hazijaenda mtamboni, akaona kichwa cha habari kikibadilika mara nne. Kisha msoma prufu, mpiga picha, mchora katuni, dereva wa usiku aliyewapeleka wafanyakazi nyumbani, mama aliyeuza chai na chapati karibu na ofisi, na muuza magazeti ambaye mhariri alipita kwake asubuhi kuuliza "leo limetokaje?" Msiwasahau waandishi wa mikoani. Walimjua kwa sauti ya simu tu, na sauti ya mhariri kwa mwandishi wa Kigoma au Songea ilikuwa ndiyo gazeti lenyewe.

Halafu tafuteni aliowaudhi: mwandishi aliyefukuzwa, mwanasiasa aliyelalamika, msemaji wa taasisi aliyekuja na taarifa ya kurasa tano akatoka na aya mbili. Familia nyingi husita hapa. Nawasihi msisite. Mtu aliyekatwa stori yake mwaka wa tisini na kitu na bado anakumbuka sababu aliyopewa, huyo ana kumbukumbu ya kweli kuliko kumi wanaosifu. Wengi wao, mkiwafuata kwa adabu, watasema pia jambo jema ambalo hawakupata nafasi ya kumwambia mwenyewe.

Marafiki wa nje ya kazi mtawakuta kwenye kahawa, kwenye bao, msikitini, kwaya ya kanisa, na kwa wale wa Simba na Yanga, kwenye jukwaa alilokaa. Wao hawajui alivyohariri, lakini wanajua alivyonyamaza siku ambazo gazeti lilikuwa na shida, na alikuwa anasoma gazeti la nani kwanza.

Mahojiano yenyewe

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Piga simu kabla, jitambulishe kwa ukoo na kwa kazi: "Shikamoo mzee, mimi ni mtoto wa marehemu fulani, mhariri wenu wa zamani, naomba nije nikusikilize." Nenda asubuhi. Mchana wa Dar es Salaam una joto, jenereta na bodaboda, na mzee wa miaka sabini na tano huchoka baada ya chakula. Msiende wengi, wawili wanatosha, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kuangalia simu inarekodi. Kunyweni chai kwanza. Salamu za wagonjwa na waliofariki tangu mlipoachana zichukue muda wake.

Ombeni ruhusa ya kurekodi, na mkianza tu semeni kwa sauti tarehe, mahali, jina la anayehojiwa na kwamba amekubali. Wekeni simu kwenye hali ya ndege isije ikaita. Zimeni feni kama mnaweza, au sogezeni kinasa karibu na mdomo, kwa sababu feni inayozunguka haisikiki chumbani lakini kwenye sauti iliyorekodiwa inafunika maneno. Rekodini kwa simu mbili. Faili la kawaida la MP3 huchukua takribani megabaiti 60 kwa saa, na WAV ya njia moja, ambayo sauti yake haijabanwa, hufika 300. Kama nafasi ipo, chukueni WAV.

Sasa maswali. Ukiuliza "alikuwa mtu wa namna gani?" utajibiwa "alikuwa mtu mzuri sana, mchapakazi, Mungu amlaze pema." Ni jibu la heshima, na mlango umefungwa. Mpe ukurasa wa mbele uliouchapa. Mwache autazame. Kisha uliza:

Usiku huu mlifunga gazeti saa ngapi? Nani alikuwepo?
Kichwa hiki cha habari alikiandika nani? Kabla yake kilikuwa kipi?
Kuna stori ilitolewa ili hii iingie?
Nakumbuka ulikuwa mwandishi mchanga. Stori yako ya kwanza aliirudisha mara ngapi, na aliandika nini pembeni?
Ni neno gani alilikataa kila siku?
Alipokasirika alifanyaje? Alipokosea, alisemaje?
Ni stori gani mliyokuwa nayo mkononi ambayo hakuitoa, na unadhani alikuwa sahihi?

Swali la mwisho ulize mwisho kabisa, na ukishauliza, nyamaza. Mzee atatazama chini, atakohoa, ataomba maji. Usimjazie maneno. Kinachofuata ndicho mlichokijia.

Waulize pia juu ya vitendea kazi, kwa sababu mikono hukumbuka pale akili iliposahau. Aliyefanya kazi enzi za taipureta, teleksi na herufi za madini ya risasi, ukimwuliza nakala ilitembeaje kutoka meza ya mwandishi hadi mtamboni, atataja watu wote waliokuwa njiani, mmoja mmoja kwa jina, na marehemu atatokea mara tatu bila kuulizwa. Mwulize kwa nini toleo la mikoani lilifungwa mapema kuliko la mjini, na nani alibaki usiku kubadilisha ukurasa wa mbele wa mjini habari mpya ilipoingia.

Akisema "hili usiandike", zima kinasa mbele ya macho yake. Kwa watu wa magazeti ahadi hiyo ni nzito, na mtu aliyeona umeitimiza atakwambia mengine zaidi.

Kuwahoji mjane na watoto

Hawa wahojiwe baadaye, na ikiwezekana na mtu asiye wa familia. Mtoto hawezi kumwuliza mama yake maswali yote, na mama hatajibu yote mbele ya mwanawe.

Msitafute kwao gazeti, tafuteni gharama yake. Nyumba ya mhariri wa gazeti la kila siku huishi kinyume na nyumba za jirani. Baba au mama hurudi saa sita usiku, watoto humwona Jumamosi, na simu ya usiku wa manane ni jambo la kawaida. Zipo na nyakati za hofu. Machi 2013 Absalom Kibanda, akiwa mwenyekiti wa Jukwaa la Wahariri Tanzania, alishambuliwa na kujeruhiwa vibaya aliporudi nyumbani usiku. Miaka mitano kabla, Januari 2008, Saed Kubenea na Ndimara Tegambwage walivamiwa wakiwa ofisini kwa gazeti la MwanaHalisi. Wake, waume na watoto wa wahariri wengine walisikia habari hizo wakiwa wanamsubiri wao afike. Mwulizeni mjane alifanya nini usiku ule. Mwulizeni mtoto aliitwaje shuleni gazeti la baba lilipoandika vibaya juu ya mzazi wa mwenzake.

Na waulizeni alivyosoma nyumbani. Wahariri wengi huhariri hadi barua ya mchango wa harusi. Kadi ya mwaliko yenye masahihisho ya kalamu nyekundu, kama ipo kwenye droo, ina nafasi yake kwenye kijitabu kuliko cheti cha kustaafu.

Kuhakiki: mzee mwenyewe angetaka

Hadithi nzuri za chumba cha habari huhama. Ile ya mhariri aliyemjibu waziri kwa simu "njoo uhariri wewe" utaisikia juu ya zaidi ya mtu mmoja. Kwa kila kisa kizito tafuteni mtu wa pili aliyekuwepo, au gazeti lenyewe. Mkikosa vyote viwili, andikeni "anasimulia fulani" na mwacheni msimulizi aubebe ushahidi wake.

Tahariri zinahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu hazina jina la mwandishi. Frene Ginwala, Mwafrika Kusini aliyekuwa uhamishoni hapa, aliwekwa mhariri mtendaji wa The Standard lilipotaifishwa 1970, huku Mwalimu Nyerere akiwa mhariri mkuu kwa cheo cha Urais. Aliondoka 1971 baada ya tahariri iliyolaani serikali ya Nimeiri kuwanyonga wapinzani wake Sudan. Tahariri moja, isiyo na jina, ilifunga ukurasa wa maisha yake Dar es Salaam. Baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Afrika Kusini kuanzia 1994 hadi 2004. Kwa hiyo mkisikia marehemu wenu naye "aliondolewa kwa sababu ya tahariri", msiridhike na uvumi. Itafuteni, isomeni yote, angalieni tarehe yake na tarehe ya kuondoka kwake, kisha mwulizeni aliyekuwepo nani aliiandika na nani aliipitisha. Mara nyingi ni watu wawili.

Wakipingana wawili wenye heshima sawa, chapeni kauli zote mbili. Na kama kisa kinamtaja mtu aliye hai kwa jambo la aibu, apelekewe maneno hayo ajibu kabla hayajachapwa. Marehemu asingeruhusu stori ya upande mmoja itoke siku yoyote ile. Isitoke kwa jina lake.

Je, mabaya yake? Pombe, ukali, bahasha alizozikataa au alizozipokea, woga wa siku fulani? Maoni yangu ni kwamba yale yaliyogusa kazi yaandikwe, na yale yaliyogusa nyumba yake tu yaachwe kwa nyumba yake. Mhariri aliyewahi kuzuia stori kwa hofu na baadaye akaijutia anafundisha vijana kuliko mhariri asiyewahi kuogopa, ambaye hajawahi kuwapo.

Karatasi na picha

Karatasi ya gazeti ni dhaifu kwa asili yake. Imetengenezwa kwa massa ya mti yenye asidi, hugeuka njano kisha hukatika, na unyevu na chumvi ya hewa ya pwani huharakisha. Msibandike selotepu, msipake gundi, msiweke laminesheni. Wekeni bapa, ndani ya boksi, juu ya rafu isiyogusa ukuta, mbali na jua, na kagueni mchwa. Skanini picha ndogo kwa dpi 600 na nyaraka kwa 300. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, majina kuanzia kushoto. Fanyeni hivyo pamoja na wazee sasa, kwa sababu sura za vijana wenye mashati ya kola ndefu hakuna atakayezitambua miaka kumi ijayo.

Picha nyingi si mali ya familia hata kama zilikuwa ukutani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mpiga picha au gazeti alilolitumikia. Ombeni ruhusa kwa maandishi na mtaje jina lake chini ya picha. Idara ya Habari, MAELEZO, ina hazina kubwa ya picha za matukio ya kitaifa, na wahariri wa zamani wamesimama pembeni mwa nyingi kati ya hizo.

Kuandika, kuchapa na kugawa

Kuandika sauti kwenye karatasi huchukua saa nne hadi sita kwa kila saa iliyorekodiwa, na zaidi wazee wakiongea kwa pamoja. Gawaneni kazi. Msisafishe lugha ya msimulizi mpaka ifanane na taarifa ya ofisi: kama dereva amesema "mzee alikuwa hacheki na kazi", mwacheni aseme hivyo.

Mkipanga kijitabu, msifuate kuzaliwa hadi kufa. Fungueni na usiku mmoja kazini, ule uliosimuliwa na watu wengi zaidi, kila mmoja kutoka kwenye kiti chake. Baada ya hapo miaka yake, kisha nyumba, kisha marafiki. Rambirambi za viongozi ziende mwisho. Wekeni ukurasa mmoja wenye nakala aliyoihariri, alama zake za kalamu zikionekana. Kama hamna, mwombeni kila mwandishi aliyemlea apekue nyumbani, kuna aliyeitunza. Kurasa 60 hadi 80 zinatosha. Kisha mpeni mhariri mmoja asiye rafiki akate.

Kabla ya kuchapa ombeni ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, mpeleke nakala Maktaba Kuu. Nyingine ziende East Africana pale Mlimani, Shule Kuu ya Uandishi wa Habari ya Chuo Kikuu, Baraza la Habari Tanzania, maktaba ya gazeti alilolitumikia, na shule ya msingi aliyosoma. Sauti zote, zikiwa na majina ya faili yanayoanza na tarehe na jina la msimulizi, zikae sehemu tatu: kompyuta ya msimamizi, diski inayotunzwa nyumba nyingine, na hifadhi ya mtandaoni yenye nenosiri linalojulikana na watu wawili. Zile ambazo msimulizi alisema zisitolewe akiwa hai ziwekwe kwenye folda yake, na ndani yake karatasi yenye sahihi yake na mwaka wa kufunguliwa.